Mtu mmoja, majalada matatu: nani apange kesi ipi itangulie?

Kila mwanzoni mwa Februari, Mahakama ya Tanzania inapoadhimisha Siku ya Sheria, tunasomewa hesabu za mashauri: yaliyofunguliwa, yaliyomalizika, yaliyobaki. Kipimo chenyewe kiko wazi. Shauri likivuka miezi 24 Mahakama ya Rufani au Mahakama Kuu, miezi 12 Mahakama ya Hakimu Mkazi au ya Wilaya, na miezi 6 Mahakama ya Mwanzo, linahesabiwa kuwa mlundikano. Ni kipimo kizuri, na kimewasukuma majaji na mahakimu kufanya kazi. Kasoro yake ni kwamba kinahesabu majalada, watu hakiwahesabu. Mtu mwenye majalada matatu, mawili Mbeya na moja Rujewa, anaweza kukaa Gereza la Ruanda mwaka baada ya mwaka huku kila jalada lake likionekana bado changa.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa yeyote aliyewahi kukalia benchi za mahakama zetu atautambua. Kijana wa bodaboda wa Mbalizi anakamatwa. Jalada la kwanza ni la kupokea mali ya wizi. Liko Mahakama ya Wilaya Mbeya na dhamana ipo. La pili ni unyang'anyi wa kutumia silaha, liko Mahakama ya Hakimu Mkazi, na hilo halina dhamana. La tatu limeibuka baada ya polisi wa Mbarali kusikia kwamba yuko ndani: wanamhusisha na mauaji ya mfanyabiashara wa mpunga huko Usangu. Anasomewa Rujewa, mbele ya hakimu asiye na mamlaka ya kusikiliza mauaji, na anaambiwa hatakiwi kujibu lolote. Makosa matatu, mahakama tatu, wapelelezi watatu. Ipi itangulie?

Hakimu atakwambia yeye anashughulika na shauri lililo mbele yake. Wakili wa Serikali atakwambia anasubiri jalada la polisi. Polisi watakwambia wanasubiri majibu ya Mkemia Mkuu. Na mkuu wa gereza, ambaye hajasomea kupanga mashauri wala hakuajiriwa kwa kazi hiyo, ndiye mara nyingi anayeamua, kwa sababu ndiye mwenye karandinga.

Inakuwaje? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, haitaki kesi ya mshtakiwa aliye mahabusu iahirishwe kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja. Nia yake ni njema: mtu asisahaulike ndani. Sasa zidisha sharti hilo kwa majalada matatu. Kila baada ya wiki mbili kijana anatakiwa kuonekana mahakama tatu, na tarehe zinapangwa na makarani ambao hawana sababu yoyote ya kupigiana simu. Ikatokea Jumanne moja Rujewa wanamtaka kwa kutajwa, na Mbeya wanamtaka kwa kusikilizwa. Gari ni moja na mafuta ni ya safari moja, kwa hiyo inaangaliwa hati ya kumtoa mahabusu iliyofika kwanza. Akipelekwa Rujewa, atasimama kizimbani dakika chache, ataambiwa upelelezi haujakamilika, atapakiwa tena. Huku Mbeya mashahidi wawili waliotoka Mlowo na mmoja aliyeacha shamba lake la viazi Uporoto wameketi tangu saa mbili asubuhi. Ikifika saa sita wanaambiwa mshtakiwa hakuletwa, warudi tarehe nyingine.

Hao mashahidi ndio wanaoumia kwanza, na mara nyingi ndio wanaoua kesi. Mtu anaweza kupoteza siku moja kwa ajili ya haki ya jirani yake, hata mbili. Ya tatu, tena ikiwa Novemba mvua za kwanza zimeanza na wenzake wanapanda, na posho yenyewe ya shahidi haieleweki itatoka lini, hatakuja. Hapo upande wa mashtaka unaomba ahirisho kwa sababu shahidi hajafika, na ahirisho hilo linaandikwa kana kwamba halina uhusiano na lile la Jumanne ya Rujewa. Ukisoma mwenendo wa shauri miaka miwili baadaye utaona sababu kumi za kuahirisha, kila moja ina mantiki yake, na hakuna hata moja inayosema ukweli kwamba mahakama mbili zilimgombania mtu mmoja.

Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba haya ni mambo ya utawala tu, sheria haihusiki. Sikubaliani. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 50(2)(e), inampa mshtakiwa haki ya kesi yake kuanza na kumalizika bila kucheleweshwa pasipo sababu. Sisi tuna Ibara ya 13(6)(a), inayozungumzia kusikilizwa kwa ukamilifu, na Ibara ya 107A(2)(b), iliyoingizwa na marekebisho ya mwaka 2000, inayoziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Mkenya anaweza kudai kitu ambacho ni chake. Kwetu agizo wamepewa majaji na mahakimu, na wao wenyewe ndio wanaosema kama sababu ilikuwa ya msingi. Lakini pia tumeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Ibara yake ya 7(1)(d) inampa kila mtu haki ya kuhukumiwa ndani ya muda unaofaa. Hiyo inambana kila mmoja, kuanzia mpelelezi hadi dereva wa karandinga.

Na haikubaki kwenye makaratasi. Machi 2016 Mahakama ya Afrika, iliyoko hapo hapo Arusha, iliamua kesi ya Wilfred Onyango Nganyi na wenzake 9 dhidi ya Tanzania. Walikamatwa Msumbiji, wakaletwa nchini mwanzoni mwa 2006, wakafunguliwa Moshi mashtaka ya mauaji na ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Mahakama iliona kwamba serikali ilikiuka haki yao ya kuhukumiwa ndani ya muda unaofaa, na kwamba walipaswa kupewa msaada wa kisheria. Watu wale wale, makosa zaidi ya moja, mwendo wa kusuasua: mwaka wa hukumu hiyo uko nyuma sana sasa, lakini sura ya tatizo ukiiweka Mbeya au Njombe leo itakaa sawasawa.

Je, hakuna saa inayohesabu? Ipo. Katika kifungu cha ile Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tulichokizoea kwa namba 225, kesi nyingi haziwezi kuahirishwa kwa jumla ya zaidi ya siku 60 bila cheti. Cheti cha kwanza anatoa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, cha pili Wakili wa Serikali, cha mwisho Mkurugenzi wa Mashtaka, huyu tunayemwita DPP. Vyote kwa pamoja haviwezi kuvusha miezi 24 tangu ahirisho la kwanza. Baada ya hapo mahakama ianze kusikiliza au imwachie mshtakiwa. Baadhi ya makosa yameachwa nje ya kinga hii, likiwemo la uhaini na yale ya ulaghai na kughushi. Lakini hata panapohusika, kumwachia mtu kwa njia hiyo hakumfutii mashtaka. Hivyo hivyo DPP anapoondoa shauri kwa kusema hana nia ya kuendelea nalo. Wakazi wa miji yetu wote wanajua kinachofuata: mtu anatoka kizimbani, ndugu zake wanapiga vigelegele, mlangoni anakuta askari wamemsubiri. Jalada jipya, namba mpya, na saa inaanza tena kwenye sifuri. Kwenye takwimu za mwaka, shauri la zamani limemalizika. Mtu yuko pale pale alipokuwa.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yalijaribu kuziba chanzo kwa kuzuia mashtaka kufunguliwa kabla upelelezi haujakamilika. Hatua nzuri, ila yaliacha nje makosa makubwa, na makosa makubwa ndiyo yanayojaza mahabusu. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake kwa Rais Julai 2023, ililisema sana suala la kukamata kwanza na kupeleleza baadaye. Kwa mtu mwenye jalada moja, hilo ndilo tatizo lote. Kwa mwenye matatu ni theluthi yake tu.

Turudi kwenye kipaumbele. Watu huzungumza kana kwamba mahakama zetu hazina utaratibu wa kuzitanguliza kesi. Zinao, ila haujaandikwa, na historia ya Nyanda za Juu Kusini inauonyesha vizuri. Desemba 25, 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi. Mwaka 1972 haukuisha kabla Mahakama Kuu haijamhukumu Mwamwindi kifo. Miaka 40 baadaye, Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, wakati polisi walipotawanya mkusanyiko wa kisiasa. Askari aliyeshtakiwa alihukumiwa Iringa Julai 2016, miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Karibu miaka minne, na huyo alikuwa mshtakiwa mmoja, kosa moja, tukio lililotokea mchana mbele ya watu.

Sisemi kwamba ya 1972 ilikuwa bora. Kesi ya kumuua mteule wa Rais katikati ya vuguvugu la Ujamaa ilikuwa na upepo wake nyuma, na haraka inayotoka Ikulu si haki ya mtu yeyote kuitamani. Tena kesi ya mauaji siku hizi hupita ngazi nyingi: uchunguzi wa awali mahakama ya chini, maelezo ya mashahidi, kupelekwa rasmi Mahakama Kuu, usikilizwaji wa awali, kisha kungoja kikao cha mashauri ya jinai, ambacho nacho hutegemea fungu la fedha la kulipia mashahidi na mawakili wa washtakiwa. Ninachosema ni kwamba dola ikitaka jalada litembee, linatembea. Tukishakubali hilo, swali linalobaki ni kama tunataka utaratibu huo uendelee kukaa vichwani mwa wakubwa au uandikwe pahali ambapo hata mama wa mahabusu anaweza kuusoma.

Nje ya hapa wameshaumia vichwa kwa swali hili. Marekani mwaka 2023 na 2024 ilikuwa na Rais wa zamani, Donald Trump, mwenye kesi nne za jinai kwa mpigo: New York, Florida, Washington na Georgia. Jaji Tanya Chutkan wa Washington alipanga kuanza Machi 4, 2024, wakati Jaji Juan Merchan wa New York alikuwa tayari na tarehe ya Machi 25. Chutkan alieleza mahakamani kwamba alikuwa amezungumza na mwenzake. Hilo dogo lina somo: hakuna aliyemwamuru, wala mmoja hakuwa bosi wa mwingine, ila waliona ni aibu kumwita mtu mmoja kwenye vizimba viwili siku moja. Mwishowe rufaa ya suala la kinga ya Rais ilisimamisha kesi ya Washington, na ile ya New York, ambayo wachambuzi wengi waliiona nyepesi kuliko zote, ikaanza Aprili 15 na kumalizika kwa kutiwa hatiani Mei 30. Uzito wa kosa haukuamua foleni. Iliyokuwa tayari ndiyo iliyokwenda.

Huko kwao mshtakiwa hana haki ya kuchagua ipi ianze. Hilo liliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tangu 1922, katika kesi ya tapeli Charles Ponzi, aliyekuwa akitumikia kifungo cha serikali kuu huku jimbo la Massachusetts likimtaka kwa makosa mengine. Jaji Mkuu William Howard Taft alisema serikali moja inaweza kumwazima mtu kwa nyingine, na mfungwa hana cha kulalamikia madhali atapata nafasi kamili ya kujitetea katika kila kesi.

Lakini mwaka 1969 mahakama hiyo hiyo ikaongeza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye faida kubwa kwetu. Mtu aliyekuwa gereza la serikali kuu Leavenworth, Kansas, alifunguliwa kesi ya wizi Texas mwaka 1960. Kwa miaka sita alikuwa akiandika kuomba asikilizwe. Texas ikamjibu, kwa ufupi, kwamba akifika atasikilizwa. Atafikaje na yuko jela? Katika uamuzi wa Smith dhidi ya Hooey, majaji walisema jimbo lina wajibu wa kufanya juhudi za kweli kumleta, na kwamba mtu aliyeko ndani kwa kosa jingine bado anaumizwa na ucheleweshaji: anapoteza nafasi ya vifungo vyake kwenda pamoja, na mashahidi wake wanatawanyika wakati yeye hawezi hata kuwatafuta.

Hapa ndipo desturi yetu inapokosea kabisa. Kijana wetu wa Mbalizi akitiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo cha chini ni miaka 30. Kuanzia siku hiyo si mahabusu tena, ni mfungwa, amevaa sare na anakwenda kazini. Kesi yake ya mauaji ya Usangu inapoteza moto. Kila mtu anajiambia: huyu yuko ndani, ana haraka ya kwenda wapi? Mpelelezi anahamia kesi nyingine. Lakini familia ya mfanyabiashara wa mpunga bado inataka kujua nani aliua, na kama si kijana huyu, muuaji yuko mtaani akila mpunga. Na Kanuni ya Adhabu inasema kifungo cha pili huanza baada ya cha kwanza kuisha, isipokuwa mahakama iamuru viende pamoja. Kwa hiyo mpangilio wa kesi unagusa mpaka siku ya kutoka jela. Akikata rufaa ya ule unyang'anyi na kushinda baada ya miaka kadhaa, atarudi kuwa mahabusu wa mauaji yaliyofanyika wakati mashahidi wengine walikuwa bado wanasoma shule ya msingi.

Kwa upande mwingine, mshtakiwa naye si malaika. Mahakama ya Juu ya Marekani ililiona hili mwaka 1972 katika kesi ya Barker dhidi ya Wingo, iliyotoka Kentucky. Barker na mwenzake walishtakiwa kwa mauaji ya mwaka 1958. Mashtaka yalitaka mwenzake atiwe hatiani kwanza ili aje kutoa ushahidi dhidi ya Barker, na huyo mwenzake alisikilizwa mara sita. Barker alingoja zaidi ya miaka mitano, na kwa sehemu kubwa ya muda huo hakulalamika, akitumaini mwenzake ataachiwa na yeye apone. Majaji wakaweka mambo manne ya kupima: urefu wa muda, sababu za kuchelewa, kama mshtakiwa aliidai haki yake, na madhara aliyopata. Barker alishindwa. Mawakili wetu wa utetezi wanaoomba tarehe kila mara ili shahidi achoke wangeshindwa naye.

Kanada mwaka 2016 iliona vipimo vya namna hiyo vinapinda mno mikononi mwa majaji, ikaweka ukomo wa namba katika kesi ya Jordan: miezi 18 kwa mahakama za majimbo, 30 kwa mahakama za juu, na ukivuka bila sababu ya pekee kesi inasimamishwa. Kwetu sitaki kuiga hilo moja kwa moja. Katika mkoa ambao sampuli ya damu husafiri mpaka maabara ya mbali na shahidi hutafutwa kwa kupanda milima ya Makete wakati wa masika, ukomo mkali wa namba utawaachia watu walioua kwa sababu tu barabara ilikatika. Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho na kinawezekana.

Kwanza, kesi inayomshikilia mtu ndani itangulie. Simaanishi kubwa kuliko zote wala ya zamani kuliko zote, ila ile ambayo bila hiyo angekuwa nje kwa dhamana. Tumeona kwa macho ugumu wake Aprili 2025, Tundu Lissu alipokamatwa Mbinga, Ruvuma, na kesho yake kufikishwa Kisutu akiwa na majalada mawili: la uhaini, lisilo na dhamana, na la kuchapisha taarifa za uongo mtandaoni, lenye dhamana. Uwe unampenda au humpendi, ukikaa ukalitazama utaona kwamba dhamana ya jalada la pili haikuwa na maana yoyote madhali la kwanza lipo. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika kesi ya Dickson Sanga, ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinachokataza dhamana kwa makosa kama hayo kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Sawa, hiyo ndiyo sheria. Basi dola inayomnyima mtu dhamana kwa sababu ya jalada moja iwe na wajibu wa kulitanguliza jalada hilo. Haiwezekani ifunge mlango kwa mkono mmoja kisha mwingine ushughulike na kesi za pembeni.

Kuna pingamizi la maana hapa. Kesi nyepesi mara nyingi huwa tayari, mashahidi wako mjini, inaweza kuisha ndani ya wiki. Kwa nini ingoje mauaji yanayosubiri kikao cha Mahakama Kuu? Isingoje. Isikilizwe katika mapengo, kwa sharti kwamba tarehe yake haigusi tarehe ya ile inayomshikilia. Na panapokuwa na makosa ya mfululizo au ya aina moja, sheria inaruhusu yawekwe kwenye hati moja ya mashtaka. Wizi wa pikipiki nne za Mwanjelwa, Soweto, Uyole na Iyunga ndani ya mwezi mmoja, kwa mbinu ile ile na mtu yule yule, una sababu gani ya kuwa majalada manne, isipokuwa kwamba kila kituo cha polisi kinataka kuonekana kimefanya kazi?

Pili, mzigo wa kupanga usiwe wa mahakama. Hakimu wa Rujewa hana kifungu kinachomtaka aulize, kabla ya kutaja tarehe, kama huyu mtu anatakiwa pahali pengine. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inajua, au inapaswa kujua. Mashtaka ya mkoa mzima yako chini ya ofisi moja, na mawakili wake wa serikali ndio wanaosimama katika mahakama zote tatu. Wao ndio wenye uwezo wa kuweka kalenda ya mtu badala ya kalenda ya jalada, na kuipeleka kwenye Kamati ya Kusukuma Mashauri, ambako mahakimu, polisi na magereza tayari hukaa meza moja. Kwenye mipaka pagumu kidogo. Igawa iko Mbarali na Makambako iko Njombe, ni majirani kwenye barabara moja, lakini Mbeya na Songwe ziko Kanda ya Mbeya ya Mahakama Kuu, wakati Iringa na Njombe ziko Kanda ya Iringa. Mtu anayedaiwa kuiba pande zote mbili za barabara hiyo ana wasajili wawili na waendesha mashtaka wa mikoa miwili. Hapo DPP mwenyewe atamke kwa maandishi upande upi utangulie, na barua hiyo iingie kwenye kila jalada.

Kutajwa nako kusiwe sababu ya kumkosesha mtu siku ya kusikilizwa. Kanuni za mwaka 2021 zinaruhusu mashauri kuendeshwa kwa mtandao. Tumia video kwa kutajwa, gari kwa kusikilizwa. Palipokuwa na vifaa, ile safari ya Rujewa ya dakika chache ingefanyika kwenye chumba kimoja ndani ya gereza, na mashahidi wa Mlowo na Uporoto wangesema ushahidi wao siku ile ile wakarudi kwao.

Lakini yote haya yatategemea hisani ya wakubwa kama mshtakiwa mwenyewe hana kitufe cha kubonyeza. Majimbo ya Marekani yana makubaliano ambayo mfungwa anayedaiwa na jimbo jingine huandika ombi, na tangu ombi hilo limfikie mwendesha mashtaka na mahakama husika, lazima asikilizwe ndani ya siku 180. Sisi tunaweza kuwa na la kwetu, kwa mahabusu na wafungwa, ndani ya mkoa na kati ya mikoa. Karatasi moja, kwa Kiswahili, inayotaja majalada yake yote na lile analotaka litangulie. Aiandike mwenyewe au aandikiwe na msaidizi wa kisheria anayeingia gerezani chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mkuu wa gereza aigonge muhuri, nakala iende kwa Msajili wa kanda na kwa Wakili wa Serikali Mfawidhi, na siku zihesabiwe kuanzia tarehe ya muhuri. DPP akiondoa shauri na kulifungua upya kwa tukio lile lile, tarehe ya muhuri ibaki ile ile ya mwanzo.